Swali la Nne

Mwalimu wetu wa Kiingereza tulimwita Kifungu, na mwenyewe alijua. Jina hilo alijipa kwa mdomo wake. Kila alipoingia darasani na bunda la karatasi za ufahamu kwapani, kabla hata hajamaliza kuitikia shikamoo zetu, alikuwa ameshauliza, "Jibu liko wapi?"

Nasi tuliitikia kama kwaya iliyochoka, "Kwenye kifungu!"

"Haliko wapi?"

"Kichwani mwetu!"

"Haya, kalamu mkononi, tuanze."

Tulikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Mtihani ulikuwa unatukodolea macho, na katika karatasi ya Kiingereza sehemu ya ufahamu ndiyo iliyokuwa na alama nyingi. Unapewa habari ya ukurasa mmoja, unaisoma, unajibu maswali. Ukielezwa hivyo utadhani ni mteremko. Mwenzetu mmoja, ambaye mjomba wake alifuga nyuki, siku moja alikuta kifungu kinahusu nyuki. Alifurahi kama aliyeokota kitu njiani. Akaandika kila alichokijua, kuanzia malkia mpaka nta, akarudishiwa sifuri. Alipolalamika kwamba yote aliyoyaandika ni kweli tupu, Kifungu alimwambia, "Sikukuuliza ukweli wa nyuki. Nilikuuliza kifungu kinasema nini. Mjomba wako hatakaa nawe kwenye chumba cha mtihani." Tangu siku ile kijana wa watu akawa anaitwa Nyuki.

Mimi niliitwa Redio, kwa sababu sikuwa na kitufe cha kuzimia. Kwa maneno ya kwetu nilikuwa sina mpinzani, lakini Kiingereza kilikuwa kinanipiga chenga. Nilisoma mstari, nikifika mwisho wake mwanzo umeshanitoroka. Aliyenivusha ni mwenzangu wa dawati, msichana tuliyemwita Sindano. Lile jina alilipata kwa wembamba, ila lilimkaa kwa ukali wa akili. Alikuwa na njia zake za kunielewesha. Aliniambia, "Ukikutana na neno 'however', shika breki. Mwandishi anakata kona hapo, na watahini wanapenda kutega kwenye kona." Mambo kama hayo hayakuwa kwenye kitabu chochote.

Sindano alihamia shule yetu mwaka uliotangulia. Familia yao ilitoka upande wa pili wa jiji, kule kwenye reli. Nilipomuuliza kwa nini walihama, alinijibu, "Baba alipata kazi huku," akafungua kitabu. Nilimjua baba yake kwa kumwona. Alibeba saruji na mabati kwenye duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa barabara kuu, mtu mrefu, mpole, anayeitikia salamu za watoto kwa kirefu. Ngozi ya mkono wake wa kushoto ilikuwa laini na ya kung'aa, na vidole viwili havikukunjika. Niliuona ule mkono mara nyingi na sikuwahi kuuliza. Nami ndiye Redio.

Basi ikafika mahali karatasi za mitihani ya zamani zikatuishia. Tulikuwa tumezifanya zote, na mbaya zaidi, majibu yake yalikuwa yanauzwa kwenye vijitabu nje ya lango la shule, watu wanayakariri kama sala. Kifungu alishtuka siku alipotoa kifungu kimoja na wanafunzi wakaanza kujibu kabla hajamaliza kugawa. Alikusanya karatasi zake, akasema, "Kumbe nafundisha kasuku." Wiki iliyofuata akaanza kutunga mwenyewe. Nyumbani kwake alikuwa na marundo ya magazeti ya Kiingereza, mapya na ya zamani. Alichukua habari, akaifupisha, akaondoa majina ya watu na ya mahali, akatia maswali yake chini, na katibu muhtasi wa shule akazichapa. Zilikuwa nzuri. Tulisoma juu ya daraja lililojengwa mahali pasipo na mto, na juu ya daktari wa meno wa farasi. Hata mimi nilianza kumaliza ukurasa.

Siku ya tukio tulipewa kifungu kuhusu kiwanda cha mikate kilichoungua. Kwa Kiswahili kilikuwa kinasema hivi: Asubuhi moja, siku ya kufunga shule, kiwanda cha mikate karibu na reli kililipuka. Chanzo kilikuwa uzembe wa mwoka mikate mmoja, ambaye aliacha tanuri la gesi bila mtu wa kuliangalia, akatoka nje kuvuta sigara. Tangi la maji lililokuwa juu ya paa lilipasuka, na maji yake ndiyo yaliyozuia moto usivuke kwenda kwenye nyumba za jirani. Mwanamke mmoja aliumia. Mwoka mikate alifukuzwa kazi. Habari ilimalizia kwa maneno ya msimamizi wa kiwanda kwamba mtu mmoja mzembe anaweza kubomoa kazi ya watu mia.

Maswali yalikuwa sita. La nne liliuliza: Kwa nini mwoka mikate aliliacha tanuri?

Nililiona hilo nikachekelea moyoni, maana hata mimi nililiweza. Sigara. Nikaandika, nikamgusa Sindano kwa kiwiko ili aone kwamba siku hiyo nimejitegemea. Hakugeuka. Kalamu yake ilikuwa imesimama, na alikuwa akiitazama karatasi kama mtu anayetazama mlango anaosikia unagongwa. Halafu akainama, akaandika haraka haraka, mistari mingi, mpaka ikavuka nafasi iliyoachwa na kuingia pembeni. Kengele ilipolia alikuwa wa kwanza kukabidhi.

"Umeona tangi la maji lilivyopasuka?" nikamuuliza tulipotoka. "Kama Mungu alifungulia bomba."

"Nimeona," akasema. Akaongeza mwendo, akaniacha.

Karatasi zilirudi keshokutwa yake. Kifungu alikuwa na desturi ya kusoma makosa mbele ya darasa bila kumtaja mtu. Siku hiyo alipofika swali la nne, alitabasamu.

"Mwenzenu mmoja, na ni mtu ninayemtegemea, hapa ameniandikia hadithi nzima. Anasema mwoka mikate hakutoka kuvuta sigara. Alisikia harufu ya gesi, akaenda kumtafuta msimamizi kwa sababu spana ya kufungia koki ilikuwa imefungiwa ofisini." Akaishusha karatasi. "Spana! Kwenye kifungu kuna spana?"

"Hakuna!" tukajibu, na watu wakacheka. Nilicheka na mimi.

"Ofisi ipo?"

"Haipo!"

"Sasa hii spana imetoka wapi?"

Kiti kikakwaruza sakafu pembeni yangu. Sindano alikuwa amesimama.

"Imetoka nyumbani, mwalimu," akasema. "Huyo mwoka mikate ni baba yangu. Na baba yangu havuti sigara. Hajawahi."

Nyuki aliyekaa mbele yetu aligeuka kumtazama, kisha akageuka tena haraka kama aliyechungulia chumba cha wenyewe. Kifungu alibaki na karatasi mkononi. Akasema, "Kaa chini," kwa sauti ya chini kabisa. Sindano akakaa. Mwalimu akaendelea na swali la tano.

Hilo ndilo lililotuudhi. Wakati wa mapumziko darasa zima lilikuwa linamsema. Mwingine alisema mtu yule ana kifungu mahali pa moyo. Sindano hakuwepo kusikia. Alichukua mkoba wake akaenda nyumbani, na kesho yake hakuja, wala siku iliyofuata.

Siku hiyo ya pili, jioni, Kifungu alinisubiri mlangoni.

"Redio, unapajua kwa akina Sindano?"

"Napajua, mwalimu."

"Nipeleke."

Tulitembea bila mazungumzo, jambo ambalo kwangu ni adhabu. Tulipopita duka la vitabu, akajikohoza, akasema kama anayezungumza na barabara, "Siku ile sikujua niseme nini. Ningefungua mdomo ningeharibu zaidi. Nikaona heri nishike swali la tano, angalau nalijua jibu lake."

Nilitaka kumwambia kwamba angeweza kusema pole. Lakini mwalimu ni mwalimu, nikameza.

Walikaa kwenye vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala, mahali panaponukia mbao. Mama yake Sindano alikuwa ndio kwanza ametoka kazini, bado na sare ya zahanati alikokuwa akifua mashuka. Alipomwona mwalimu, alifuta kiti kwa kanga yake, akatukaribisha kwa furaha yote.

"Karibu mwalimu, karibu sana. Umekuja kumwona mgonjwa wako? Kichwa kimemshika tangu juzi, nimempa dawa wee, hakisikii."

Hapo nikajua kwamba Sindano hakuwaambia kitu. Naye alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha pili, akinitazama mimi kwa macho ya kuniuliza nimemletea nini tena.

Baba alitoka uani akijipangusa mikono. Mwalimu akasimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Kaa, kaa. Mwanangu kakosa nini?"

"Hajakosa. Nimekosa mimi." Akaitoa ile karatasi mfukoni. "Niliwapa zoezi la kusoma. Nililitoa kwenye gazeti la zamani. Sikujua linamhusu nani."

Baba aliipokea kwa mkono wa kulia, akaitazama juu chini. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Lakini neno la mikate alilijua, na la moto alilijua, na nilimwona akiyagusa kwa kidole, moja baada ya jingine. Kisha akamrudishia mwalimu.

"Nisomee kwa lugha ninayoielewa."

"Mzee, si lazima..."

"Nisomee, mwalimu. Mimi habari hii nilisimuliwa tu. Walipoiandika nilikuwa hospitali nimefungwa bandeji mpaka begani. Sijawahi kuisikia yote."

Basi Kifungu, mtu aliyetusomea vifungu kwa sauti ya kutikisa madirisha, akaanza kutafsiri sentensi moja moja kwa sauti ya mtu anayetembea juu ya vigae vya chupa. Alipokaribia sigara, akapunguza mwendo. Baba akamwambia, "Endelea." Akaisema sigara. Akausema uzembe. Akalisema lile neno la msimamizi kuhusu kazi ya watu mia. Alipomaliza, ulisikika msumeno wa seremala tu ukienda na kurudi.

Aliyelipuka ni mama.

"Mwalimu, sisi tulihama kwa ajili ya maneno hayo! Kule mtoto alikuwa anaitwa mtoto wa mchoma kiwanda. Tumekuja huku hakuna anayetujua, tumeanza kupumua, na wewe umekwenda kuyachapa upya, ukawagawia watoto wayapeleke kila nyumba?"

"Nimeyagawa, mama. Ni kweli."

"Yakusanye basi!"

"Siwezi kuyakusanya yote. Karatasi nyingine sijui ziko wapi sasa. Na hata nikizikusanya, wameshasoma."

"Unasikia anavyosema?" Mama akamgeukia mumewe, machozi yakimlenga. "Maji yakimwagika..."

"Hayazoleki, najua," baba akasema. "Tulia, mama watoto." Akamwita binti yake. "Mama, hebu njoo hapa."

Sindano alikuja, akakaa kwenye kigoda karibu na magoti yake.

"Uliandika nini?"

"Niliandika ulivyotusimulia. Spana na ofisi."

"Ukapata ngapi?"

"Hilo moja sikupata kitu."

Baba akacheka kidogo, kicheko kisicho na meno. "Spana imenikosesha kazi, na wewe inakukosesha alama." Akaugeuza ule mkono wake wa kushoto, akautazama. "Mwalimu, nataka kukuuliza. Huyo aliyeandika gazetini, kazi yake si kuuliza watu?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi hakuja kuniuliza. Msimamizi alimuuliza, majirani aliwauliza. Mimi nilikuwa nimelala palepale mjini, hospitali ya wote, mlango hauna ufunguo."

Kifungu alikaa akiikunja na kuikunjua ile karatasi. Kisha akasema jambo ambalo nadhani hata yeye hakulipanga alipotoka shule.

"Njoo darasani uulizwe."

Mama akasema hapana kabla mwalimu hajafunga mdomo. Sindano naye akatikisa kichwa. Baba alimuuliza mwalimu wanafunzi wataruhusiwa kuuliza nini, na mwalimu akasema lolote, mradi kwa adabu. Akauliza kama itaandikwa. Mwalimu akasema wao wenyewe wataiandika kwa Kiingereza, kila mtu kifungu chake, wajifunze jinsi kifungu kinavyotengenezwa. Mwisho baba akasema, "Wameshalisikia la mwanzo. Kukaa kwangu kimya hakutawasahaulisha. Nitakuja."

Alikuja wiki iliyofuata, asubuhi, kabla ya zamu yake dukani, amevaa shati lake la kutokea lililopigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Mkuu wa shule alikuwa ameridhia. Tulisimama tukamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kiti cha mwalimu, mikono juu ya meza, wa kushoto ukiwa wazi kila mtu auone. Kifungu alisimama nyuma kabisa, karibu na dirisha. Sindano, pembeni yangu, hakuinua macho kutoka kwenye daftari.

Mwanzoni hakuna aliyethubutu. Ndipo mimi, kwa kuwa kimya kinaniumiza, nikanyoosha mkono nikauliza tanuri la mikate likoje. Swali la kitoto, lakini lilimfungua. Alituambia tanuri lilikuwa refu kuliko darasa letu, mikate inaingia mlango huu mibichi inatokea mlango ule imeiva. Alituambia koki kubwa ya gesi ilivunjika mpini muda mrefu, ikawa inafungwa kwa spana, na kwa kuwa spana ya kwanza iliibwa, ya pili msimamizi aliifungia ofisini kwake. Siku ile alisikia harufu. Aliikimbilia ofisi, akaikuta imefungwa. Akazunguka nje kumtafuta mwenye ufunguo. Mlipuko ulimkuta yuko uani.

"Na sigara?" mmoja akauliza.

"Sijui hata inashikwaje. Ila msimamizi aliniona nje. Alihitaji sababu ya mimi kuwa nje."

Nyuki akanyoosha mkono. Alisimama, akaomba radhi kwanza. "Mzee, wewe ni baba yake mwenzetu, na sisi tunampenda. Lakini tutajuaje kwamba hili la spana ndilo la kweli? Msimamizi naye alisema lake."

Nilitamani kumrushia kiatu. Baba aliinamisha kichwa, akawaza.

"Sina cha kukuonyesha, kijana wangu. Kiwanda kiliungua na spana ndani. Nakwambia nilichokiona, basi."

Nyuki akashukuru, akakaa. Ndipo msichana mmoja wa mstari wa nyuma akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia. "Kifungu kinasema kuna mwanamke aliumia. Ulipotoka kutafuta spana, yeye alikuwa wapi?"

Mkono wa kulia wa baba ukaufunika ule wa kushoto. Nilihisi Sindano akiinua kichwa.

"Alikuwa ndani," akasema. "Alikuwa anakanda unga upande wa nyuma, na mashine ile ina kelele. Nilimpigia kelele atoke. Nikatoka. Sikungoja kuona kama amesikia. Nilifikiri spana ni jambo la haraka zaidi. Hakuwa amesikia. Baada ya mlipuko nilirudi ndani nikamvuta, mkono huu ukaungua hapo. Aliishi, lakini sikio moja halisikii mpaka leo. Gazeti limesema niliacha tanuri kwa sigara, hilo si kweli. Lakini kama lingeandika kwamba nilimwacha mtu ndani, ningekuwa sina la kujibu."

Kalamu zote zilikuwa zimesimama. Nilimtazama Sindano. Alikuwa anamtazama baba yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza, mdomo umefunguka kidogo. Hilo hakuwahi kulisikia. Nyumbani walisimuliwa spana na ofisi, na mkono ulisemwa kuwa uliungua tu, basi.

Kifungu alikuja mbele, akamshukuru mzee, akamsindikiza mpaka langoni. Alirudi, akaandika ubaoni kwamba tuandike kifungu kimoja juu ya tulichosikia, na maswali matano chini yake. Akaongeza kwa mdomo, "Andikeni alichosema. Yote."

Nilijua jinsi Sindano anavyoandika, kalamu haipumziki. Siku hiyo aliandika mstari, akakaa. Akaandika mwingine. Alipofika kwenye yule mwanamke, alisimama muda mrefu, na mimi, ambaye kwa kawaida ndiye ninayechungulia yeye asichungulie, nilimwambia polepole, "Unaweza kuliruka hilo. Hakuna atakayekulaumu."

"Yeye hakuliruka," akasema. Akaandika. Niliona neno la "hakungoja" kwa Kiingereza chake safi, na baada yake, bila pambo lolote, kwamba alirudi.

Kifungu alizisahihisha zote usiku ule ule, nadhani, maana kesho yake zilikuwa tayari. Zile za watu wengi ziliacha la mwanamke, kwa huruma. Alizipunguzia alama. Ya Sindano ilipata zote, na hakuisoma mbele ya darasa. Alimrudishia mkononi, akasimama kidogo kwenye dawati letu, akasema, "Samahani kwa siku ile." Wasichana wawili wa mbele wakageuka. Aliposema hivyo alikuwa akitazama viatu vyake kama mtoto aliyetumwa kuomba radhi na mama yake.

Nyumbani kwao mambo hayakuwa shwari kwa siku kadhaa. Sindano aliniambia kwamba alikaa na baba yake uani, akamuuliza kwa nini hakuwaambia. Akajibiwa, "Mlikuwa mmesimama upande wangu kwa nguvu sana. Niliogopa kuwasogeza." Alikasirika, akanuna, akamsemesha kwa mkato. Kisha akazoea. Ijumaa moja mama yake alifunga safari kwenda upande wa reli kumtafuta yule mwanamke, akamkuta anauza vitambaa, wakakaa wakazungumza mpaka jua likazama. Alichosema mwanamke yule sikuambiwa, na safari hiyo sikuuliza.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi naye alisikia, maana mtoto wa dada yake alikuwa darasani kwetu. Baba yake Sindano aliitwa ofisini, akaenda akiwa ameshaiaga kazi. Mwenye duka akamsikiliza hadithi yote, akatafuna kalamu yake, kisha akamkabidhi kibao cha kukataza sigara akitundike mbele ya stoo ya rangi, na kumteua kuwa msimamizi wa kibao hicho. Alikuwa na nia njema, ila hakujua namna nyingine ya kuionyesha. Baba yake Sindano alikitundika. Wafanyakazi wenzake walicheka mpaka wakakaa kwenye mifuko ya saruji, naye akacheka pamoja nao.

Mtihani ulipofika, kifungu chake kilihusu mtu aliyetengeneza saa za minarani. Sindano alijibu yote kwa mujibu wa kifungu. Tulipotoka nje alisema tu kwamba angependa kujua watu waliovuta kamba za kuziendesha saa zile walisemaje, na kama kuna aliyewahi kuwauliza. Mimi nilikuwa na mawazo ya kula.

Matokeo yalibandikwa asubuhi ya mvua za rasharasha. Nilifaulu Kiingereza, si kwa kishindo, lakini nilifaulu, na nilipiga ukelele uliomtoa mlinzi kwenye kibanda chake. Sindano alikuwa na alama ya juu kabisa. Alisimama mbele ya ubao wa matangazo, kisha akaniomba simu yangu ampigie baba yake kazini. Nilikuwa karibu, nilisikia sauti zote mbili, yake na ile inayotoka upande wa pili.

"Baba, nimefaulu."

"Alhamdulillahi. Na Kiingereza?"

"Nimepata ya juu."

Nyuma yake tulisikia mabati yakiangushwa, na mtu akifoka.

"Vizuri sana, mama," akasema. "Vizuri sana. Sasa mpigie mama yako kabla hajasikia kwa jirani. Halafu pita huku, mvua inaanza kuchapa na saruji iko nje, nitahitaji mtu wa kunishikia turubai."

Tulikwenda wote wawili, tukikimbia.